Lamu hadi Kiwayu kwa mashua: mwongozo kamili wa kukodi chombo na marafiki

Mara ya kwanza nilipokodi mashua na marafiki watano, tulitoka gati la Lamu saa mbili asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nahodha alikuwa ametuomba tutoke alfajiri. Sisi tulitaka kwanza tunywe chai, tununue barafu, tumsubiri mwenzetu aliyechelewa kuamka. Saa tatu na kitu tulikuwa ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yalikuwa yakipwa kwa kasi. Shikio, ule usukani wa nyuma, likakwaruza matope. Kisha mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ukakaa, na chombo kikalalia ubavu taratibu. Tulipwelewa pale hadi saa nane mchana, mikoko pande zote mbili, jua utosini, na kivuli pekee kilikuwa cha tanga lililotuliwa.

Tangu siku hiyo sipangi safari ya visiwa hivi kwa kuangalia kalenda ya likizo. Naanza na mwezi. Ninayoyaeleza hapa ni ya safari ya siku tano, watu sita, kutoka mji wa Lamu hadi kisiwa cha Kiwayu na kurudi, umbali wa kilomita hamsini hivi kwenda tu. Ukitaka fupi zaidi, unaweza kuishia kisiwa cha Pate, kilicho njiani, na mpangilio ni uleule.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha chagua mwezi

Msimu huamua upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kusi huanza Aprili ikaendelea hadi Septemba au Oktoba. Aprili na Mei ni masika, mvua inanyesha na bahari imechafuka; ziache. Juni na Julai kusi huwa kali, na mdomo wa mlango pale mbele ya kijiji cha Shela, unakotokea bahari kuu, huumuka mawimbi ambayo mgeni hatayafurahia. Mimi napenda mwisho wa Agosti na Septemba, kusi inapolegea, au Desemba hadi katikati ya Machi. Kati ya misimu, wakati wa maleleji, upepo hufa na utakwenda kwa mashine karibu njia nzima. Petroli italiwa, na raha ya tanga hutaiona.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni kwamba kwenda na kurudi havilingani. Kiwayu iko kaskazini mashariki mwa Lamu. Wakati wa kusi upepo unakusukuma kwenda, halafu unakukabili ukirudi. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: unakwenda kwa kubisha, mara huku mara kule, na unarudi pepo zikiwa nyuma yako. Kwa hiyo siku tano usizigawe nusu kwa nusu. Kaskazi, weka siku mbili za kwenda na moja ya kurudi. Kusi, moja ya kwenda na mbili za kurudi.

Sasa mwezi. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvua: yanajaa sana saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakauka sana saa nne na saa tano asubuhi. Ndiyo maana sisi tulikwama. Siku ya saba au ya nane baada ya hapo yanakuja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kwake kunaangukia asubuhi, kati ya saa nne na saa tano na nusu hivi.

Mkanda ni mfupi wa kina. Hupitika vizuri maji yakiwa nusu au zaidi. Kwa hiyo tarehe bora ya kung'oa nanga ni 8 au 9 ya mwezi mwandamo. Unatoka Lamu saa moja au saa mbili asubuhi, maji yanaingia, unapita Mkanda yakiendelea kupanda, na hata ukigusa mchanga, baada ya robo saa unaelea tena. Ukirudi tarehe 12 au 13, maji yanajaa alasiri, saa nane au saa tisa, wakati hasa unapofika Mkanda kutoka kaskazini. Na kuna zawadi juu yake: usiku wote mtakaolala nje, mwezi unakua, na ufukwe wa Kiwayu unang'aa hata taa haina kazi.

Hakikisha kwa jedwali la maji la mwezi huo, kisha umuulize nahodha. Wakitofautiana, msikilize nahodha.

Hatua ya pili: idadi ya watu, na nani

Mashua yenye urefu wa mita kumi hubeba watu wengi kwa matembezi ya mchana. Kulala ni habari nyingine. Kila mtu anahitaji nafasi ya mkeka mmoja, na mabaharia nao ni watu. Sita ni idadi nzuri. Wanane wanawezekana ikiwa usiku wote mtalala ufukweni. Kumi ni ugomvi.

Kuhusu nani, ulizeni mambo matatu mapema na kwa uwazi: nani hajui kuogelea, nani hulewa na bahari, nani hawezi kukosa choo cha faragha. Asiyejua kuogelea anakaribishwa, ila avae jaketi okozi tangu gatini mpaka nanga, bila mjadala. Anayelewa na bahari anunue dawa ya safari kwa mfamasia na aimeze kabla ya kuondoka, kwa sababu roho ikishachafuka haitasaidia. Akae karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, atazame mbali kwenye upeo, atafune tangawizi. Choo kwenye mashua nyingi ni ndoo na pazia la kanga nyuma kabisa. Dada zangu wawili waliosafiri nami waliniambia baadaye kwamba hilo ndilo walilotaka kuambiwa kwanza kuliko yote. Waambie.

Hatua ya tatu: tafuta chombo, kikague kwa macho yako

Usikodi kwa picha ya simu. Fika Lamu siku mbili kabla. Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda unavushwa kwa boti hadi mjini, na kabla hujafika gatini utakuwa umeshapata watu watatu wanaokupa safari. Pokea salamu, usikubali kitu. Wengi wao ni madalali wema, lakini unayemhitaji ni nahodha mwenyewe. Kaa naye, mnywe kahawa, mzungumze. Mwambie unataka kwenda Kiwayu kwa njia ya ndani, kati ya Pate na bara, halafu umuulize atalala wapi usiku wa kwanza, na kwa nini. Nahodha anayeijua njia atakujibu kwa maji: “Inategemea tutavuka Mkanda saa ngapi.” Anayejibu “popote mnapotaka, boss” mshukuru, nenda kwa mwingine.

Kisha panda chomboni. Inua mbao za chini utazame ngama, pale maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Maji ya kufika kifundo cha mguu asubuhi, baada ya usiku mmoja wa kulala nangani, ni dalili kwamba kalfati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, imechoka. Shika kamba za tanga: zikiwa na nyuzi zilizosimama kama manyoya, ziko karibu kukatika. Litazame tanga likiwa limetwekwa, si limekunjwa. Omba mashine iwashwe mbele yako, na uulize kama kuna plagi za akiba. Hesabu jaketi okozi moja moja, ukitazama mikanda yake, kwa sababu jaketi bila mkanda ni mto wa kulalia. Uliza leseni ya chombo na cheti cha nahodha. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo inayosajili na kukagua vyombo vidogo, na mwenye karatasi halali hachukii kuulizwa. Nanga iwe na kamba ndefu ya kutosha. Kuna watu husahau kuangalia nanga.

Hatua ya nne: makubaliano na pesa

Hapa ndipo urafiki unapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bei ya kukodi huhesabiwa kwa siku. Lakini neno “bei” halisemi kitu mpaka mjue limebeba nini. Andikeni kwenye karatasi moja, hata ya daftari: chombo kwa siku ngapi, nahodha na mabaharia wangapi, petroli lita ngapi na nani analipa ikizidi, chakula kinanunuliwa na nani, ada ya hifadhi inalipwa na nani, na upepo ukikataa mkachelewa siku moja, siku hiyo inalipwaje. Swali hilo la mwisho ndilo lililoniletea magomvi mara ya pili nilipokodi. Tulichelewa siku nzima Faza, kisiwani Pate, kwa sababu ya upepo, mwenye chombo akadai siku kamili, sisi tukasema si kosa letu. Sote tulikuwa na haki, na hatukuwa tumeandika kitu. Siku hizi nakubaliana nusu ya bei kwa siku ya kuchelewa, na chakula juu yetu.

Lipa theluthi kwanza kwa M-Pesa, ili ushahidi ubaki kwenye simu, theluthi siku ya kuondoka, na theluthi mkirudi gatini.

Kati yenu marafiki, chagueni mweka hazina mmoja. Kila mtu atoe mchango wote kabla ya tiketi ya ndege kukatwa, pamoja na nyongeza ya sehemu moja ya kumi kwa dharura. Baharini hakuna anayekumbuka nani alinunua samaki na nani alinunua ndimu. Mfuko uwe mmoja, daftari liwe moja. Na bakshishi ya mabaharia itengwe humo humo tangu mwanzo, isije ikategemea nani amebakiwa na noti siku ya mwisho.

Hatua ya tano: ruhusa na usalama

Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ada yake lipeni kabla ya kuondoka, kwa mtandao, na mbebe risiti.

Usalama nausema waziwazi. Mpaka wa Somalia hauko mbali na Kiwayu, na mwaka 2011 watu wenye silaha waliwavamia wageni katika hoteli ya ufukweni eneo hilo. Wiki ya safari, pitia ofisi ya KWS na kituo cha polisi Lamu, uulize hali ilivyo, na uwaachie orodha ya abiria na nakala za vitambulisho. Uliza pia wavuvi wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa fukwe, kwa sababu wao wametoka huko jana. Mkiambiwa msiende, msiende. Pangeni tangu mwanzo njia ya akiba: magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda Toto, kijiji cha Matondoni na kisiwa cha Pate zinatosha kujaza siku nne za raha. Na kwa hali yoyote, msisafiri usiku. Nanga ishuke kabla ya magharibi.

Acha ratiba kwa mtu mmoja nchi kavu, mwenye namba ya nahodha, anayejua ni siku gani aanze kuuliza.

Hatua ya sita: maji na chakula

Hesabu ya maji ni lita tano kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupika. Watu sita na mabaharia watatu ni tisa. Tisa mara tano ni lita 45 kwa siku. Kwa siku tano ni lita 225, yaani madumu kumi na mawili ya lita ishirini, na kidogo kitabaki. Wageni wengi huhesabu maji yao, wakasahau ya mabaharia. Kuoga ni kwa maji ya bahari, kisha kikombe kimoja cha maji baridi juu ya kichwa.

Kwenye mashua hupikwa kwa jiko la makaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga, lisiunguze mbao. Nunueni mjini mchele, unga, vitunguu, ndimu, viazi, bizari, tende, majani ya chai, na nazi za kutosha, mbili au tatu kwa siku. Muulize nahodha kama mbuzi ya kukunia ipo chomboni. Samaki msinunue mjini. Mtakutana na wavuvi njiani. Kizingitini wanavua kamba mawe, na kama ni msimu wake mtapata wabichi kabisa.

Siku moja tukivuka hori ya Manda, tanga limejaa, mashua imelala upande, nilimwona baharia kijana amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi huku mguu mmoja ameukaza kwenye ubavu wa chombo asiteleze. Kila wimbi lilipopiga, aliinua sinia kidogo, wimbi likipita akaendelea. Hakumwaga hata chembe. Saa moja baadaye tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka, na rafiki yangu wa Nairobi, ambaye hali samaki, alikula.

Wengi wa mabaharia wa Lamu ni Waislamu. Kama kati yenu kuna wanaokunywa pombe, muulizeni nahodha kabla ya kupakia, na akikataa, jibu lake ndilo hilo. Ramadhani ahirisheni safari. Kumkunia nazi mgeni mchana kutwa ukiwa na saumu, juani, si jambo la kumwomba mtu.

Hatua ya saba: mizigo

Mfuko laini, si sanduku. Kikoi mbili au kanga mbili, shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, miwani, mafuta ya kuzuia jua, chandarua, dawa ya mbu, na dawa ya kinga ya malaria kwa anayetoka mahali pasipo malaria. Simu na vitambulisho vikae kwenye mfuko usiopenya maji. Betri ya akiba. Tochi ya kichwani.

Viatu vya kuingilia majini msiache. Kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi kwenye matumbawe, na kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mchangani. Mkiteremka kutembea kwenye maji mafupi, kokoteni nyayo, msizinyanyue, taa atawasikia na kuondoka. Akimchoma mtu, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha mtafuteni daktari.

Hatua ya nane: siku zenyewe

Siku ya kwanza, mkishatoka Mkanda, hori linafunguka na upepo unabadilika ghafla. Hapo tanga linatwekwa kwa ukamilifu, na hapo nahodha atawapangia pa kukaa. Mashua za Lamu huwekwa sawa kwa mifuko ya mchanga na kwa ubao mrefu unaotolewa nje upande wa upepo, baharia akaukalia juu ya maji. Uzito wenu nao ni sehemu ya farumi, yaani uzito wa kusawazisha chombo. Akisema hameni, hameni pamoja na upesi, na foromali, ule mti unaoshika tanga, inapozungushwa mlingoti, kila mtu ainame. Sheria niliyowawekea rafiki zangu ni kwamba wakati wa kugeuza, hakuna anayepiga picha.

Laleni Mtangawanda au Faza, kutegemea upepo. Kisiwa cha Pate kinastahili nusu siku: ngome ya Siyu ya karne ya 19, na magofu ya Shanga, ambako wachimbuzi waligundua msikiti wa karne ya 8, miongoni mwa ya kale kabisa kwenye pwani yetu. Mji wa Pate wenyewe haufikiki kwa chombo maji yakiwa yamekupwa. Vaeni mavazi ya kusitiri, pigeni hodi, salimieni kwanza. Kamera itoke baada ya ruhusa.

Siku ya pili mnapita Ndau na kuingia Kiwayu. Upande wa ndani ni mikoko na maji tulivu. Upande wa nje ni mchanga na mawimbi ya bahari kuu. Nanga huwekwa ndani. Pandeni kilimani jioni muone pande zote mbili kwa mara moja. Siku nzima ya tatu msiipangie chochote. Ogeleeni kwenye matumbawe wakati maji yametulia, msisimame juu yake, msichukue kombe wala simbi. Kasa hutaga katika fukwe za hifadhi hii. Mkikutana naye usiku, zimeni tochi, rudini nyuma, mkae kimya.

Kurudi, Takwa iwe kituo cha mwisho. Mji huo ulio Manda uliachwa karne ya 17, na msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Unafikiwa kwa kijito cha mikoko, maji yakiwa yamejaa tu. Nahodha atawaambia mna dakika ngapi. Akisema arobaini, maana yake arobaini.

Hatua ya tisa: mkifika gatini

Msikate ndege ya siku hiyohiyo. Laleni Lamu usiku mmoja, mwili uache kuyumba.

Malizeni hesabu mkiwa bado chomboni: theluthi ya mwisho kwa nahodha, bakshishi kwa kila baharia mkononi mwake, na kinachobaki cha mfuko kigawanywe sawa mbele ya wote. Mchele, makaa na mafuta yaliyosalia hayarudi Nairobi wala Mombasa, waachieni mabaharia. Takataka zenu zote, chupa hadi mifuko, ziteremke nanyi. Kisha muulize nahodha mwezi ujao tarehe 8 inaangukia siku gani.